Michembe na maziwa vinanivuruga tumbo: je, niachane na maziwa kabisa?

*"Shikamoo daktari. Nina miaka 31, naishi Igombe hapa Mwanza, nauza mitumba. Nimekulia Magu kwa bibi, maziwa tulikunywa asubuhi na jioni na sikuwahi kusumbuliwa. Mjini nilikuwa nakunywa chai ya maziwa mara mojamoja. Mwaka huu mwezi wa tatu niliugua tumbo, nikaharisha karibu wiki mbili, nikapewa dawa za amiba na taifodi, nikapona. Sasa ni mwezi wa nane, na tangu kipindi kile nikinywa chai ya maziwa tumbo linaunguruma na kujaa gesi. Nikila michembe (vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa) na maziwa, chakula ninachokipenda kuliko vyote, haipiti saa moja natafuta choo. Chai ya rangi hainisumbui. Duka la dawa wamesema ni vidonda vya tumbo. Jirani kasema ni aleji, nisiguse maziwa tena maishani. Mwingine kasema nichemshe maziwa mara mbili, au nihamie ya mbuzi. Mama mkwe akija na maziwa mgando sinywi, naona ananuna. Halafu nina mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili, ananyonya. Nimemkatisha maziwa ya ng'ombe nikiogopa amerithi. Hii ni aleji? Niache maziwa kabisa?"*

Marahaba, dada yangu. Mimi ni mtaalamu wa lishe, si daktari, kwa hiyo kuna sehemu ya swali lako nitakayokuomba uipeleke hospitali, na nitakuambia ni ipi na kwa nini. Lakini mengi uliyouliza yanaweza kutatuliwa kwa kikombe, sufuria na daftari.

Unachotaka kujua ni kama utaishi bila maziwa, na kama mtoto naye aishi bila maziwa. Kwa dalili ulizoandika, jibu langu ni hapana kwa yote mawili. Inaelekea tumbo lako linashindwa kumeng'enya sukari ya maziwa, inayoitwa laktosi, ikiingia nyingi kwa mara moja. Hali hiyo inakera na inatia aibu, hasa ukiwa gulioni na choo kiko mbali, lakini haidhuru utumbo. Na karibu kila mwenye hali hiyo anabaki na kiasi fulani cha maziwa anachokiweza. Kazi ni kukijua kiasi chako.

Kwanza tumalizane na neno aleji, maana kwa jinsi tunavyolitumia mtaani linafunika magonjwa mawili yasiyo na uhusiano. Aleji ya maziwa, yaani mzio, ni kinga ya mwili kuishambulia protini ya maziwa kana kwamba ni adui. Mara nyingi huja haraka, ndani ya dakika chache hadi saa mbili: vipele vinavyowasha, midomo au macho kuvimba, kutapika, kifua kubana, pumzi kukatika. Kijiko kimoja kinaweza kutosha kumwangusha mtu. Huwapata zaidi watoto wachanga, na wengi wao hupona wakikua. Mtu mzima aliyekunywa maziwa miaka thelathini bila shida kupata aleji hiyo ghafla ni jambo la nadra. Wewe umetaja gesi, kuunguruma na kuharisha. Hukutaja vipele, uvimbe wala kubanwa na kifua. Kama vilikuwepo ukasahau kuviandika, basi usijaribu lolote nitakaloeleza hapa chini. Nenda hospitali kwanza.

Sasa kinachotokea tumboni. Laktosi ni sukari mbili zilizoshikana, glukosi na galaktosi. Zikiwa zimeshikana hivyo utumbo hauwezi kuzinyonya; lazima zitenganishwe, na anayezitenganisha ni kimeng'enya kiitwacho laktasi, kinachokaa kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Fikiria mtumbwi wa dagaa unapotia nanga pale Kirumba mwaloni na wabeba mizigo wapo watatu tu. Magunia kumi watayashusha bila taabu. Ukileta magunia mia kwa mkupuo, mengi yatabaki majini. Laktosi inayobaki bila kutenganishwa huvuta maji kuingia utumboni, kisha inateremka hadi utumbo mpana ambako bakteria wanaishi kwa mamilioni. Wao wanaifurahia. Wanaichachusha, na katika kuichachusha wanatoa gesi ya haidrojeni, kabonidioksaidi na asidi. Maji yale ndiyo yanayoharisha, gesi ndiyo inayojaza tumbo, na safari ya hayo yote ndiyo ile ngurumo unayoisikia. Kwa kawaida huanza nusu saa hadi saa mbili baada ya kunywa, na ya kwako inaangukia humohumo.

Utaniuliza, mbona utotoni hayakuwepo? Mtoto huzaliwa na laktasi tele kwa sababu maziwa ndiyo chakula chake. Baada ya kuachishwa, kwa watu wengi duniani mwili huanza kuipunguza taratibu. Karibu theluthi mbili ya watu wazima duniani wana laktasi kidogo, kwa hiyo ukitazama kwa macho ya dunia nzima, wewe ndiye wa kawaida. Wanaoendelea kuitengeneza kwa wingi hadi uzeeni ni wale ambao mababu zao waliishi kwa maziwa ya mifugo vizazi na vizazi. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walichapisha kazi waliyoifanya kwa watu wa Tanzania, Kenya na Sudani, wakaonyesha kwamba watu wa Afrika Mashariki wana mabadiliko yao wenyewe ya vinasaba yanayoifanya laktasi idumu, tofauti na yale ya Wazungu. Kwa hiyo uwezo huu upo kwetu, ila haukugawiwa kwa wote. Kutoka kwenye boma lenye ng'ombe hakukuhakikishii kwamba wewe binafsi umeupata. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kutofautiana.

Jiulize pia maziwa ya bibi yalikuwa ya namna gani. Kwenye nyumba nyingi za Usukumani, kilichomiminwa kwenye ugali au kwenye matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa) kilikuwa mgando, na mgando una habari yake, nitaifikia.

Ila kuna jambo la pili kwenye barua yako ambalo sitaki lipite: ule ugonjwa wa mwezi wa tatu. Laktasi inakaa kwenye ncha za vidole vidogo sana vilivyoutandika ukuta wa utumbo. Mtu akiharisha vibaya, ncha hizo ndizo hukwanguliwa mapema, na laktasi ni kati ya vitu vinavyochelewa kurudi. Hivyo hata mtu mwenye laktasi nzuri anaweza kushindwa na maziwa kwa wiki kadhaa, pengine miezi michache, baada ya kuharisha. Kisha anapona mwenyewe.

Kwako basi naona njia mbili. Ya kwanza, laktasi yako ilikuwa imeshapungua kimyakimya, chai ya mara mojamoja ikawa chini ya kiwango chako, na ugonjwa ukaja kuufunua udhaifu uliokuwepo. Ya pili, ugonjwa ndio ulioleta shida. Lakini hii ya pili ingetakiwa kuwa inapungua kufikia sasa, mwezi wa tano tangu uugue. Kama haipungui hata kidogo, inawezekana kilichokuharisha, au kingine, bado kimo tumboni. Kutoka hapa siwezi kujua ni ipi kati ya hizi, na ndiyo sababu ya kwanza ninayokupeleka hospitali. Kwanza nimalizie jikoni.

Tufanye hesabu kidogo. Maziwa ya ng'ombe yana karibu gramu 5 za laktosi katika kila mililita 100. Glasi moja ya mililita 250 ina kama gramu 12. Utafiti mwingi unaonyesha kwamba watu wengi wenye laktasi kidogo huweza hadi gramu 12 kwa mara moja bila dalili au kwa dalili ndogo, hasa wakinywa pamoja na chakula. Chai iliyochanganywa maziwa na maji nusu kwa nusu, kikombe cha mililita 200, ina gramu 5 hivi. Ile ya mgahawani iliyopikwa kwa maziwa matupu inakaribia gramu 10. Sasa bakuli lako la michembe: ukimimina nusu lita ya maziwa, na nusu lita haionekani nyingi kwenye bakuli kwa sababu michembe inainywa, umeingiza gramu 25. Hapo hata mwenye uwezo wa wastani anaweza kuharisha.

Kuhusu ushauri wa majirani, wote walikutakia mema. Kuchemsha mara mbili hakusaidii kwa hili, kwa sababu joto la jikoni haliivunji laktosi. Maziwa yakipungua sufuriani kwa kuchemka sana, laktosi kwa kila kikombe inaongezeka. Maziwa ya mbuzi yana laktosi karibu sawa na ya ng'ombe, pungufu kidogo tu. Ya pakiti ni vilevile. Ya unga ndiyo wengi hujidanganya nayo: zaidi ya theluthi ya uzito wa unga wa maziwa ni laktosi, kwa hiyo anayejaza vijiko vitatu vikubwa kwenye chai ili "aepuke maziwa" hajaepuka kitu. Wapo pia wanaosema siku hizi ng'ombe wanadungwa dawa na ndiyo maana matumbo yanaharibika. Dawa za mifugo kubaki kwenye maziwa ni tatizo la kweli la usalama wa chakula, ila haliwezi kueleza dalili zinazokuja kwa maziwa ya kila mahali na kila siku.

Vidonda vya tumbo vinanisumbua zaidi, kwa sababu watu wengi wanameza dawa zake miezi na miezi bila kupimwa. Kidonda cha tumbo huleta maumivu au kuungua hapa juu, chini ya chembe, mara nyingi tumbo likiwa tupu au usiku. Hakileti kuharisha saa moja baada ya maziwa. Tena ukitegemea dawa za kupunguza asidi kwa shida isiyotokana na asidi, unapoteza pesa na unachelewesha ukweli. Ukidhani una vidonda, omba upimwe bakteria wa *Helicobacter pylori*, kisha utibiwe kwa kilichoonekana.

Twende kwenye mgando wa mama mkwe, maana naona unakataa kitu ambacho pengine ndicho kingekufaa kuliko vyote. Maziwa yanapoganda, bakteria wameshakula sehemu ya laktosi na kuigeuza kuwa asidi. Ule uchachu ndio ushahidi. Kwa kawaida robo hadi theluthi ya laktosi inakuwa imeondoka, na mgando uliokaa zaidi ukachachuka zaidi una pungufu zaidi. Bakteria walio hai wanaweza pia kuendelea kuivunja iliyobaki wakiwa ndani ya tumbo lako. Halafu mgando ni mzito, unateremka polepole kutoka tumboni, kwa hiyo laktasi yako chache inapata muda wa kufanya kazi. Na kuna jambo dogo ambalo bibi zetu walilijua kwa mikono: laktosi inakaa kwenye yale maji ya njano-kijani yanayojitenga juu ya mgando. Ukiyamwaga, au ukiutundika mgando kwenye kitambaa safi cha pamba usiku kucha mpaka ubaki mzito wa kukatika kwa kijiko, umepunguza laktosi tena.

Sharti langu ni moja tu, maziwa yawe yamechemshwa kabla ya kugandishwa. Uchachu hauui kila kidudu. Maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela, inayoleta homa ya kupanda na kushuka na maumivu ya viungo, watu wakadhani ni malaria isiyoisha, na pia aina ya kifua kikuu kinachotoka kwa ng'ombe. Muulize mama kwa upole: "Mama, haya mliyachemsha kabla ya kuyagandisha?" Mweleze pia kinachokusumbua, kwamba tumbo lako halijatulia tangu ulipougua. Mkwe anayeona bakuli lake linasukumwa pembeni bila maelezo lazima anune. Akielezwa, huenda yeye ndiye atakayekuandalia mgando mzito zaidi. Akisema yalikuwa mabichi, usiyamwage. Yatie kwenye mboga ya mgagani, yatokote vizuri dakika kadhaa. Bakteria wazuri watakufa, lakini laktosi waliyokwisha kuila hairudi.

Kutengeneza mwenyewe ni rahisi. Chemsha lita moja, acha yapoe mpaka ukichovya kidole unasikia uvuguvugu tu, koroga vijiko viwili vya mgando mzuri wa jana uliotokana na maziwa yaliyochemshwa, funika, weka mahali penye joto. Kwa joto la Mwanza yatakuwa yameshika kesho yake. Kwa ajili yako yaache hadi saa 24, yachachuke hasa. Yakitoa harufu mbaya, au yakivutika kama uzi, au yakiota ukungu, mwaga.

Sasa jaribio. Lifanye baada ya kupima choo hospitali, ili tusije tukawa tunahangaika na maziwa huku mdudu anaendelea na kazi yake. Kwa wiki mbili acha maziwa ya aina zote: chai ya maziwa, ya unga, aiskrimu, hata mgando. Vyakula vingine kula kama kawaida, usibadilishe mambo matano kwa pamoja. Andika kila siku tumbo limekaaje na choo kikoje. Kama dalili hazikupungua hata kidogo kwa wiki hizo mbili, maziwa si mkosaji mkuu, na habari hiyo ina thamani kubwa kwa daktari. Kama zimetulia, chagua siku ambayo hutoki nyumbani, asubuhi kabla ya kula, unywe glasi moja ya maziwa yaliyochemshwa, matupu bila majani ya chai wala tangawizi, kisha uangalie saa nne zinazofuata. Siku nyingine, tumbo likiwa limetulia, kunywa nusu glasi katikati ya mlo. Siku nyingine tena, kikombe cha mgando. Mpaka hapo utakuwa umejua mengi. Kipo kipimo cha pumzi kinachopima ile haidrojeni, lakini kwa dalili kama zako jaribio la nyumbani linatosha kuanzia.

Ukishakijua kiasi chako, usiishi chini yake kwa hofu. Kunywa kidogo, mara kwa mara, pamoja na chakula. Bakteria wa utumbo mpana huzoea wakipewa laktosi kidogo kidogo kila siku, na baada ya wiki chache wengi huona gesi imepungua. Anayekaa miezi sita bila tone la maziwa kisha akaja kunywa nusu lita harusini ndiye anayeumbuka.

Michembe yako usiiache. Jaribu kuila na mgando mzito, au na karanga zilizokaangwa. Ukitaka mchuzi wa maziwa kama wa utotoni, weka robo glasi ya maziwa kwenye uji mwepesi wa karanga, umimine juu. Ila angalia kiasi: kwa baadhi ya watu viazi vitamu vyenyewe huleta gesi, vikiliwa vingi sana au visipoiva sawasawa. Michembe inahitaji kulowekwa na kuchemshwa mpaka kipande kibonyee kwa vidole bila kiini kigumu katikati. Kwenye daftari lako iwepo siku moja ya michembe bila maziwa yoyote. Usije ukayahukumu maziwa kwa kosa la mwenzake.

Samli haina shida, laktosi yake karibu haipo, na siagi ina kidogo mno. Tui la nazi na maziwa ya soya hayana laktosi. Lakini tui halikupi kalsiamu wala protini ya maana, na soya nayo ina kalsiamu kidogo kama haikuongezwa kiwandani, kwa hiyo usiyahesabu kama mbadala kamili.

Nimetaja kalsiamu kwa sababu unanyonyesha. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 1,000 kwa siku, na glasi ya maziwa hutoa karibu 300. Lakini unaishi Igombe, dada, umekaa juu ya hazina. Dagaa wakavu, wanaoliwa wazima na mifupa yao, wana kalsiamu nyingi sana. Gramu 100 zake zinaiacha mbali glasi ya maziwa. Chagua waliokaushwa kwenye chanja, maana wa mchangani hata ukiwaosha mara tatu bado meno yanasaga mchanga, na mtu akichoka kusaga mchanga huacha kula. Usitupe vichwa. Waunge na karanga, ule na ugali wa ulezi au uliochanganywa ulezi, kwa kuwa ulezi una kalsiamu nyingi zaidi kuliko mahindi. Mgagani na majani ya kunde yasikose mezani. Mchicha ni mzuri kwa mengine, lakini kalsiamu yake imefungwa na asidi ya oksaliki, mwili unaipata kidogo.

Na sasa hospitali. Umeishi kando ya ziwa, na huku kichocho kipo. Wengi wakisikia kichocho wanafikiria kukojoa damu, na kwa kuwa hawakojoi damu wanajiona salama. Kichocho kinachotawala mwambaoni mwa Ziwa Victoria ni cha tumbo: minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, huleta maumivu ya tumbo na kuharisha kunakokuja na kuondoka, wakati mwingine choo chenye damu, na kikiachwa miaka mingi huharibu ini. Unakipata kwa kuingia kwenye maji ya kina kifupi yenye konokono, kwa kufua, kuchota au kuoga. Amiba na jiadia (kijidudu kingine cha utumbo) nazo zinaweza kubaki baada ya matibabu yasiyokamilika, na jiadia hasa huidhoofisha laktasi. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, useme wazi: nimeharisha mwezi wa tatu, bado tumbo halijatulia, naishi ziwani, naomba choo kikubwa kipimwe, pamoja na mayai ya kichocho. Sampuli moja inaweza kukosa kuonyesha, kwa hiyo wakikuomba nyingine, peleka. Kichocho kina dawa, prazikwanteli, inayotolewa kwa kadiri ya uzito wako. Mwambie mhudumu kwamba unanyonyesha kabla hajakuandikia dawa yoyote.

Usisubiri jaribio lolote la maziwa kama unaona damu kwenye choo, unapungua uzito bila kutaka, unaamka usiku kwa kuharisha, una homa, umepauka na kuchoka, au unatapika mara kwa mara. Laktosi haifanyi hayo. Hapo nenda moja kwa moja, na kama kituo kidogo hakina vipimo waombe wakupe rufaa kwenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando.

Nimemwacha mtoto mwisho ili nimzungumzie kwa nafasi. Kupungua kwa laktasi ukubwani kunaweza kweli kurithiwa, lakini hakuji akiwa na mwaka mmoja. Maziwa yako mwenyewe yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe, karibu gramu 7 kwa mililita 100, na ananyonya bila shida. Huo ni ushahidi tosha kwamba laktasi yake inafanya kazi. Tumbo lako kutoyaweza maziwa ya ng'ombe hakuyaharibu maziwa ya titi. Endelea kumnyonyesha hadi miaka miwili au zaidi, na hata akiharisha usimwachishe. Mpe titi, maji ya chumvichumvi ya pakiti na vidonge vya zinki kama utakavyoelekezwa kliniki.

Maziwa ya ng'ombe mrudishie, yaliyochemshwa, kikombe kimoja au viwili vidogo kwa siku au ndani ya uji wake. Yasizidi nusu lita, kwa sababu mtoto aliyeshiba maziwa hagusi chakula chenye madini ya chuma na anaishia kupungukiwa damu. Dagaa waliosagwa wakawa unga laini, kijiko kimoja ndani ya uji au ugali laini, wanamfaa sana. Kama hakuwahi kuwala, mwanzishie kwa kiasi kidogo asubuhi, siku ambayo upo naye, kisha mtazame. Na kama ulimkatisha maziwa kwa sababu ulimwona akitoka vipele, akivimba mdomo au akitapika mara tu baada ya kunywa, hukuniandikia hivyo lakini nauliza, basi usimrudishie wewe mwenyewe nyumbani. Mpeleke kwa daktari wa watoto, maana hapo ndipo neno aleji lingekuwa na maana yake halisi. Akibanwa na pumzi au akilegea ghafla baada ya kula chochote, hiyo ni dharura: shika bodaboda ya kwanza unayoiona, muende hospitali saa hiyohiyo.